Nafaka kwa Jina la Mtoto: The Hunger Games Ikisomwa Endebess

The Hunger Games, riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins iliyotoka Septemba 2008, inasimulia nchi inayowashibisha wachache kwa jasho la wengi, na inayowatoa watoto kafara kila mwaka ili wengi hao wasisahau nani aliyeshika mpini. Nchi hiyo, Panem, imezuka juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji wake mkuu wa kifahari, Capitol, umezungukwa na wilaya 12, na kila wilaya ina zao lake: makaa ya mawe, samaki, mbao, nguo, nafaka. Wilaya ya 13 iliteketezwa ilipoasi. Tangu uasi huo kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa kati ya miaka 12 na 18. Watoto hao 24 hufungiwa uwanjani wauane mbele ya kamera za televisheni hadi abaki mmoja. Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16 kutoka Wilaya ya 12, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake Primrose, ambaye jina lake limetoka katika kura yake ya kwanza kabisa.

Vitabu vinavyochora nchi ya kesho iliyoharibika na kumsimamisha kijana mbele ya uharibifu huo vilikuwapo kabla ya Collins. Lois Lowry alitoa The Giver mwaka 1993. Mjapani Koushun Takami akatoa Battle Royale mwaka 1999, na humo wanafunzi wa darasa moja wanalazimishwa kuuana kisiwani. Hata hivyo, Collins ndiye aliyeifanya distopia ya vijana kuwa biashara kubwa. Juzuu la pili, Catching Fire, lilifuata mwaka 2009, na la tatu, Mockingjay, mwaka 2010. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2012. Mfululizo mzima umeuza nakala zaidi ya milioni 100, na nyuma yake wakaja wengi walioiga mtindo, Divergent ya Veronica Roth ya mwaka 2011 ikiwa mojawapo ya vitabu vilivyovuma.

Uwanja wa mapigano ndio unaovuta macho ya watu, lakini nguvu ya kitabu imo katika mpango mmoja unaoelezwa kwenye sura ya kwanza, ambao msomaji mwenye haraka huupita tu. Mtoto wa Panem akifikisha miaka 12 jina lake huingizwa kwenye kura mara moja. Mwaka unaofuata huwa mara mbili, na kuendelea hivyo hadi miaka 18. Mtoto wa mwenye nacho hesabu yake huishia hapo. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuliongeza jina lake, na kila anapoliongeza hupewa tesera moja, yaani nafaka na mafuta ya kumvusha mtu mmoja mwaka mzima, tena kwa kubanabana. Anaweza pia kuwachukulia watu wa nyumbani kwao. Katniss alifiwa na baba yake katika mlipuko wa mgodi alipokuwa na miaka 11, na akabaki na mama na mdogo wa kulisha. Kila mwaka, basi, jina lake limeingia mara moja kwa lazima na mara tatu kwa ajili ya nafaka, na kwa kuwa majina ya miaka iliyopita hayafutwi, afikapo miaka 16 limo mara 20. Jina la rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na nyumba ya watu watano, limo mara 42. Binti wa meya mwenye umri sawa na Katniss hawezi kupita mara tano.

Hesabu hiyo ni ya mwandishi anayejua njaa inavyotumika kutawala. Hakuna askari anayemshika mtoto mkono akaandike jina lake mara ya pili. Serikali hungoja tu chungu kikauke, na mtoto huja mwenyewe. Siku ya kura kila karatasi huokotwa bila kuangaliwa, kwa hiyo mtu hawezi kusimama akasema ameonewa. Zaidi ya yote, mpango huo huwagawa wanyonge wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu siku ya kura hasira ya Gale inamwangukia binti wa meya badala ya waliotunga sheria. Wapo wahakiki wanaokiona kitabu hiki kuwa cha mapigano na mapenzi. Sura hiyo ya kwanza inaonyesha kwamba ni kitabu cha chakula.

Kisomwe Endebess, na jambo hilo halihitaji mwalimu. Endebess ni mji mdogo wa Kaunti ya Trans-Nzoia chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara inayotoka Kitale kuelekea mpaka wa Suam. Mashamba ya mahindi huanza pale nyumba zinapoishia, na kwa miaka mingi kaunti nzima imeitwa ghala la chakula la Kenya. Utafiti wa kuboresha mbegu za mahindi ulianza Kitale mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatolewa hapo mbegu chotara ya H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilisambaza mbegu za ukoo huo hadi kwa wakulima wadogo wa nchi nzima. Haiko mbali na kweli kusema kwamba ugali wa Mkenya wa kawaida una asili yake katika udongo huu.

Na bado mahali panapolima chakula cha nchi pana miezi yake ya njaa. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Wakati wa mavuno karo inadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, na gunia la kilo 90 huuzwa kwa mchuuzi aliyefika shambani na lori lake kwa bei anayoitaja yeye. Ifikapo Mei, mahindi mapya yakiwa bado yako magotini, nyumba iliyouza magunia huanza kununua kwa kopo la gorogoro, tena kwa bei iliyopanda. Kijana aliyetumwa dukani na gorogoro moja mwezi wa Juni, ilhali Novemba alishinda akipukuchua mahindi ya kuuzwa, anaielewa tesera kabla hajaambiwa maana yake.

Hata neno wilaya lina uzito wake hapa. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti biashara ya mahindi, na chini ya mpango huo mkulima Mzungu alilipwa bei bora kuliko Mwafrika. Uhuru ulipokuja bodi ya nafaka ilibaki, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtu hakuweza kusafirisha shehena ya mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Vizuizi vya polisi barabarani vilikagua magunia. Katika Panem watu wa wilaya moja hawaruhusiwi kufanya biashara wala kujua habari za wilaya nyingine, na chakula hupitia mikono ya Capitol kwanza. Collins hakuwa akiifikiria Trans-Nzoia alipoandika hayo, lakini wazee waliowahi kupitisha mahindi usiku kwa njia za panya wangeitambua nchi yake mara moja.

Sehemu ya kitabu inayopaswa kusomwa polepole kuliko zote ni ile ya Rue. Ni mtoto wa miaka 12, mwembamba, kutoka Wilaya ya 11, wilaya ya kilimo. Kwa kuwa ni mwepesi, wakati wa mavuno hupandishwa juu kabisa kwenye matawi yasiyoweza kumbeba mtu mzima. Yeye ndiye huwa wa kwanza kuona bendera ya kumaliza kazi, na hapo huimba noti nne ambazo ndege huzipokea na kuzieneza bustani nzima, watu wakajua siku imekwisha. Katniss anamuuliza kama watu wa wilaya yao hawali mazao wanayoyalima. Rue anashangaa swali lenyewe. Anayekula hupigwa viboko na wengine wote hulazimishwa kutazama. Mavuno yakiendelea usiku watoto hupewa miwani ya kuonea gizani, na mvulana mmoja mwenye akili ya kitoto aliyeificha ili akaichezee aliuawa papo hapo.

Mashamba makubwa ya Trans-Nzoia yana kumbukumbu inayokaribiana na hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi hii iligawiwa walowezi, na Waafrika waliobaki juu yake wakawa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye akitembea alikuwa na kipande shingoni. Shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, lilirithi sehemu ya mashamba hayo, na hadi leo mashamba yake yametandaa kuzunguka Endebess. Babu na bibi wa vijana wengi wa hapa walizaliwa katika kambi za vibarua. Rue anapokufa kwa mkuki, na watu wa wilaya yake, ambao hawana cha kutosha wao wenyewe, wakachanga na kumtumia Katniss mkate uwanjani, Collins anafikia kilele chake. Hakuna hotuba inayotolewa. Mkate wa watu wenye njaa umemfikia mgeni aliyemsitiri mtoto wao kwa maua, na mtawala ameona kwenye televisheni kwamba wilaya mbili zimezungumza.

Jina la nchi lenyewe linatokana na neno la Kilatini la mkate. Mshairi wa Roma, Juvenal, aliwalaumu raia wenzake kwa kuiacha siasa na kutaka mambo mawili tu, mkate na michezo ya uwanjani. Collins ameichukua lawama hiyo akaigeuza: Capitol inapata mkate na michezo, wilaya zinatoa nafaka na watoto. Kijana wa Kenya amewahi kuona siasa ya mkate kwa macho yake. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, lakini hasira ilikuwa imeshawaka. Juni 25 waandamanaji vijana waliingia bungeni, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Kuhusu usimulizi, Collins ni fundi. Katniss anasimulia mwenyewe, tena kwa wakati uliopo, kwa hiyo msomaji hajui kama ataiona kesho. Sura hukatika pale ambapo mkono wa msomaji tayari umegeuza ukurasa. Kabla ya hapo Collins aliandikia televisheni ya watoto, na inaonekana. Msichana wake ana ujuzi wa kweli: anatega, anawinda kwa upinde, anajua mzizi gani unalika na tunda gani linaua. Ni kifungua mimba aliyelazimika kuwa baba wa nyumba, asiyecheka ovyo, asiyejua kupendwa, na anayemkasirikia mama yake kwa kuzama katika huzuni na kuwaacha watoto na njaa. Vijana wasiopata nafasi ya kuwa watoto humtambua. Vitabu vya shule huwapa mara nyingi mhusika mwema anayeteswa hadi akaokolewa na kudura. Katniss si mwema sana, na hangojei kuokolewa.

Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha vituo vya televisheni, huku kuna vijana wakishindania zawadi, kule kuna picha za vita vya Iraq, mpaka mambo hayo mawili yakaanza kuchanganyika machoni pake. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa anga aliyepigana Vietnam. Akaongezea kisa cha Wagiriki wa kale cha Theseus, ambamo mji wa Athens ulilazimika kupeleka vijana wake Krete wakaliwe na dubwana. Kutokana na hayo limetokea jambo linalowagusa vijana wa enzi ya simu kuliko kizazi chochote: Katniss hawezi kusahau kamera hata anapolia. Wafadhili ndio wanaotuma dawa na chakula uwanjani, nao humpa anayewafurahisha. Anajifunza kupanga uso wake mbele ya Peeta, mvulana aliyetolewa pamoja naye na Wilaya ya 12, hadi yeye mwenyewe hajui ni busu lipi alilolitoa moyoni na lipi alilitoa kwa ajili ya supu.

Mvuto huo umevuka kurasa. Jeshi la Thailand lilipotwaa madaraka Mei 2014, waandamanaji waliinua vidole vitatu kama watu wa Wilaya ya 12, na wengine wakakamatwa kwa kitendo hicho. Mwaka 2021 ishara hiyo hiyo ilionekana Myanmar. Ni vitabu vichache vya vijana vinavyoweza kudai kwamba serikali ya kijeshi imeviogopa.

Kasoro zake nazo si ndogo, na ya kwanza inahusu nchi yenyewe. Panem ni nyembamba mno. Wilaya nzima inatoa kitu kimoja, kana kwamba wachimba makaa hawana mashamba, mafundi wala wafugaji. Watu wake hawana dini wanayoitaja, hawana wazee wa kuwauliza mambo ya zamani, hawana lugha zaidi ya moja, na desturi zao za matanga na arusi zimeguswa kijuujuu tu. Kikubwa zaidi, Capitol inatawala bila ukabila. Msomaji wa Endebess, mji wanakoishi Wasabaoti, Wabukusu, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, ataona pengo hilo upesi. Serikali dhalimu za ulimwengu huu, tangu enzi ya ukoloni, zimefanya kazi yao kubwa kwa kumwambia jirani kwamba jirani yake ndiye adui. Collins amewatenga watu kwa ua wa umeme na umbali, akaziacha chuki ambazo watu hubeba wenyewe bila kulazimishwa.

Kasoro ya pili ni ya damu. Kitabu kinasema watoto wanalazimishwa kuua, lakini mwandishi anaisafisha mikono ya shujaa wake kwa uangalifu mkubwa. Wasichana wawili wanakufa kwa sababu Katniss amewaangushia mzinga wa nyigu wakali ili ajinusuru. Anampiga mshale mvulana aliyemchoma Rue. Mwishoni anampiga mshindani wake Cato ili kumpunguzia mateso ya kuliwa na wanyama akiwa hai. Hamuui hata mara moja mtoto asiye na hatia kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mpango mzima wa michezo unaelekea hapo. Rue anauawa na mwingine, na hivyo Katniss anaepushwa na swali ambalo hadithi ilikuwa imeliandaa tangu mwanzo.

Mlima Elgon haukuepushwa na swali hilo. Mzozo wa ugawaji wa mashamba ya mpango wa makazi wa Chepyuk ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF), ambalo kati ya mwaka 2006 na 2008 liliua, likakata watu masikio na kuwalazimisha vijana kujiunga nalo. Human Rights Watch iliripoti mwaka 2008 kwamba kundi hilo lilikuwa limeua zaidi ya watu 600. Machi 2008 jeshi lilianza Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko yake ya mateso na ya watu waliotoweka. Miezi sita baadaye The Hunger Games ikachapishwa Marekani. Vijana waliotolewa nyumbani kwao kwa nguvu, wakatumwa kuwashambulia wanaowajua kwa majina, walirudi wakaishi katika vijiji vile vile na watu wale wale. Juzuu la tatu linajitahidi kufika karibu na hali hiyo. Katniss anaamka akipiga kelele, Peeta anateswa hadi anashindwa kutenganisha kumbukumbu ya kweli na ya uongo, na Primrose, aliyeokolewa katika ukurasa wa mwanzo kabisa wa msiba, anauawa kwa bomu ambalo huenda upande wao wenyewe ndio uliolitega. Kurasa hizo ni za kishujaa kwa kitabu cha vijana. Lakini ni msiba wa kutendewa. Aibu ya kutenda imebaki nje.

Mapenzi ya watatu, Katniss, Peeta na Gale, yanachukua nafasi kubwa kuliko yanavyostahili. Katika juzuu la kwanza yana kazi, kwa kuwa ni sehemu ya mchezo wa kamera. Katika la pili yanaanza kujizungusha. Waigaji wa Collins, kwa bahati mbaya, walilishika hilo kuliko lolote, na kwa miaka kadhaa rafu zilijaa wasichana wenye ujasiri walioshindwa kuchagua kati ya wavulana wawili huku serikali ikianguka nyuma yao. Filamu nazo zilipunguza makali ya nafaka na kuongeza ya mapanga. Ilipotoka ya kwanza, baadhi ya watazamaji wa Marekani walilalamika mitandaoni kwamba Rue ameigizwa na mtoto mweusi, ilhali kitabu kinasema wazi kwamba ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Walikuwa wamemsoma na kumlilia bila kumwona.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya baada ya ushindi. Collins anajua vizuri kwamba mapinduzi yanaweza kumzaa dhalimu mwingine. Coin, kiongozi wa waasi, anapendekeza michezo ya mwisho itakayotumia watoto wa Capitol, naye Katniss anamgeuzia upinde. Ni tukio zito na la haki. Baada yake rais mpya anachaguliwa, wilaya zinaanza kujengwa upya, na mambo hayo yote yanaelezwa kwa sentensi chache, kana kwamba ndiyo sehemu rahisi. Nani sasa analima Wilaya ya 11, kwa ujira gani, na shamba ni la nani? Tesera imefutwa, mahindi ya watu yanauzwaje? Mwandishi aliyehesabu kwa makini hivyo majina kwenye kura hakuhesabu tena magunia.

Miaka 13 kabla ya Collins, Mkenya mmoja alikuwa amelishika jambo hilo kwa upande wa pili. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa pwani ya Kenya na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani, wakati serikali ya Moi ilipokuwa ikiwaandama wasomi. Mwaka 1995 alichapisha Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo katika nchi ya kidhalimu, akafungiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa jeneza lake. Akajifunza kukiongoza, akatua Walenisi, nchi isiyo na bwana wala mtumwa, na mwenyeji aitwaye Mtu-Binadamu akamtembeza na kumweleza namna watu wanavyoishi huko. Jina la nchi linasomeka wale ni sisi, na Dzombo hatimaye anarudi kwao kuieneza habari hiyo.

Mwanzo wa Walenisi unaweza kushindana na uwanja wowote wa Collins. Mtu aliyepewa kaburi linaloruka, akaligeuza kuwa chombo cha safari, ni wazo ambalo kijana yeyote angelifuata. Ujasiri wa kitabu ni mkubwa pia, maana Mkangi aliuliza waziwazi maswali ambayo Mockingjay inayaruka, ya kazi, ya mali, ya nani amtawale nani. Tatizo ni kwamba Dzombo akishatua, hatari inakwisha. Kurasa nyingi zinakuwa za kuuliza na kujibiwa, mwenyeji akieleza na mgeni akistaajabu, na nchi njema inafundishwa badala ya kuonyeshwa ikiishi. Msomaji wa miaka 16 anaanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Mkangi alikufa katika ajali ya barabarani mwaka 2004. Aliyekuwa na la kusema juu ya nchi iliyokombolewa hakuupata ule mkono wa Collins wa kumfanya mtu akeshe.

Kyallo Wadi Wamitila alijaribu njia nyingine katika Bina-Adamu! ya mwaka 2002. Kijana asiyetajwa jina anaranda Ulaya, Asia na Amerika akimsaka P.P., kiumbe anayeutibua ulimwengu, huku sauti na vicheko vikimfuata. Ni fantasia yenye kasi na vitisho, na mara kwa mara inafurahisha, lakini imejaa mafumbo yanayodai msomaji aliyekwisha kusoma nusu ya fasihi ya dunia. Wanaoifaidi zaidi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Kati ya kazi za Kenya iliyowakaribia vijana zaidi kwa wepesi wake ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009. Miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vilivyopiganiwa maji, Asha anafanya kazi katika makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, na jasho la kila mtu hukusanywa na kunywewa upya. Anapata udongo wenye uhai, mbegu inachipua, anatoroka akaipande nje na kuinywesha maji yake mwenyewe. Haichukui hata nusu saa.

Uhaba wa kazi za namna hii kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa vipaji. Magharibi mwa Kenya ndiko kulikomlea Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans-Nzoia, na kuanzia Siku Njema ya mwaka 1996 hadi Kidagaa Kimemwozea ya mwaka 2012 alionyesha kwamba riwaya ya Kiswahili inaweza kusomwa na kijana kwa hamu hata kama mtihani haupo. Soko la riwaya nchini, hata hivyo, linategemea vitabu teule vya shule. Kazi isiyo na matumaini ya kuteuliwa huchapishwa kwa nakala chache na kuzeeka upesi, na nchi za kubuni zinazoteuliwa, kama Tomoko ya Kidagaa au Matuo ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ni Kenya ya leo iliyobadilishwa jina. Ndiyo maana distopia huwafikia vijana wa Endebess kwa Kiingereza, pamoja na theluji, misonobari na makaa ya mawe yake.

Collins amerudi Panem mara mbili baada ya Mockingjay. The Ballad of Songbirds and Snakes, ya mwaka 2020, inamfuata dikteta Snow akiwa kijana, na Sunrise on the Reaping, iliyotoka Machi 2025, inaeleza michezo ya 50, iliyochukua watoto mara mbili ya kawaida. Vitabu vyote viwili vinarudi nyuma ya Katniss. Panem iliyoachwa na vita, ikiwa na mashamba ya Wilaya ya 11 mikononi mwa wanaoyalima, haijapata kitabu chake.